Kumbukumbu ya mradi: mwanga wa filamu za uhalifu za zamani, sasa ni zamu ya vivuli

Kwa wanaojiunga leo: nachukua filamu za uhalifu za miaka ya 1940 na 1950, nachagua tukio moja, halafu nalipiga picha upya sebuleni kwa simu na vifaa vya bei chee. Zote nyeusi na nyeupe.

Bado niko kwenye Double Indemnity ya mwaka 1944, ya Billy Wilder. Fred MacMurray ni wakala wa bima anayemfuata mteja nyumbani, Los Angeles, akaishia kunaswa na mke wa mteja huyo, Barbara Stanwyck. Nje jua la California linawaka. Ndani mwanga unapenya katikati ya vibao vya pazia na kumchora mtu mistari mwili mzima, mithili ya sare ya mfungwa. Hajaua mtu bado, ila mwanga umeshamhukumu.

Vibao nimevikata kwenye boksi la televisheni. Kilichonipa kazi ni taa. Balbu za LED tunazotumia majumbani zina kifuniko cheupe kinachotawanya mwanga, kwa hiyo kivuli kinatoka na ukungu, hujui mstari unaanzia wapi. Dawa yake ni tochi ndogo ya kijitaa kimoja: iweke mbali na boksi, boksi lisogeze karibu na ukuta, mistari inakatika safi. Chanzo cha mwanga kiwe kidogo, basi. Kuongeza nguvu ya taa hakusaidii kitu.

Kisha vumbi. Mpiga picha wa filamu hiyo, John F. Seitz, alipulizia hewani unga laini wa alumini kabla kamera haijaanza, nyumba ionekane haijafagiwa siku nyingi. Mimi na mapafu yangu tumekataa, nikachoma udi. Chetezo kikae nyuma ya anayepigwa picha, tochi itokee ubavuni, ukuta wa nyuma uwe giza, na moshi wote utauona unavyojikunja. Ukimulika kutokea upande wa simu, haupo. Mama mkubwa alipita akauliza bibi harusi anaingia saa ngapi.

Inayofuata ni The Third Man (1949) ya Carol Reed, ile ya Vienna baada ya vita. Robert Krasker alipewa Oscar kwa upigaji picha wake, na haki yake: Orson Welles kajibanza mlangoni gizani, paka yuko miguuni pake, mara dirisha la ng'ambo linawashwa taa na uso unatokea, na tabasamu la kijeuri juu yake. Barabara za mawe zilimwagiwa maji zing'ae usiku.

Maji ninayo, uchochoro ninao. Paka wa mtaani kwetu hawashikiki, hao nitawashawishi kwa dagaa. Jirani wa ghorofani amekubali kuwasha taa ya dirishani nikimbipu, mradi isiwe wakati wa taarifa ya habari.