Mordekai alipita kila siku

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu wiki hii ni Esta 2:5–11. Ukipata nafasi, soma pia Mwanzo 8:22.

Wengi wetu tukitajiwa Esta tunakimbilia sura ya nne, pale Mordekai anapomtumia ujumbe kwamba huenda ameupata umalkia kwa ajili ya wakati kama ule. Ni maneno makuu, nami nimeyasikia yakihubiriwa mara nyingi. Lakini tangu tumpokee binti yetu, mimi nimebaki sura ya pili. Mstari wa 7 unasema Esta hakuwa na baba wala mama, na wazazi wake walipokufa Mordekai alimtwaa awe binti yake. Basi, imeisha. Mstari unaofuata, Esta ni msichana mkubwa na anachukuliwa kwenda nyumba ya mfalme. Miaka yote ya kumlea imepita bila kuandikwa. Nani alimsuka? Nani alikesha naye alipopata homa? Usiku wa kwanza katika nyumba ile, alikula au alikaa tu akitazama sahani?

Wapendwa, sisi wenye watoto wa namna hii tunaishi ndani ya mstari wa 7.

Jinsi binti yetu alivyofika kwetu sitaisimulia. Hiyo ni habari yake; akikua, akitaka, ataisema mwenyewe. Naomba hata wewe unayeijua kidogo uiache kwake. Ninachoweza kusema ni kwamba hapa Tororo, Uganda, tulipita njia ambayo sheria imeweka: barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ofisi ya ustawi wa jamii, ile tunayoiita probesheni, afisa kuja nyumbani kuona anapolala na anachokula, kisha mahakama ya hakimu mkuu. Sheria ya Watoto inamtaka anayeasili awe na umri wa miaka 25 au zaidi, tena awe amemzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi. Amri ikishatolewa, mtoto anahesabiwa kama aliyezaliwa na wazazi hao ndani ya ndoa yao. Nawasihi ndugu zangu mnaolea watoto wa watu kwa moyo mwema bila karatasi yoyote: nendeni probesheni. Upendo bila karatasi unamwacha mtoto wazi siku ninyi mtakapokufa na wakubwa wa ukoo wakikaa kugawana shamba.

Kwenye karatasi hizo kuna tarehe ya kuzaliwa, lakini ni makadirio. Hakuna aliyekuwepo wa kutuambia alizaliwa lini. Kwa wenyeji wetu Wajopadhola mtoto akizaliwa wakati wa mvua huitwa Okoth au Akoth, na jina linabaki linamshuhudia maisha yake yote. Binti yetu hana mvua anayoweza kuiita ya kwake namna hiyo. Kwa hiyo ameanza kuhesabu kwa njia yake. Utamsikia akiwaambia watoto wa jirani, "Hiyo ilikuwa mvua yangu ya kwanza hapa," au, "Kiangazi kile nilikuwa sijui kupanda mwembe." Umri wake anaupima kwa majira aliyoyaona akiwa nyumbani kwetu.

Katika Mwanzo 8:22, baada ya gharika, Mungu alisema moyoni mwake neno fupi. Alisema kwamba muda wote nchi itakapodumu, kupanda na kuvuna, baridi na joto, mchana na usiku havitakoma. Zamani niliusoma mstari huo kama habari ya kilimo. Siku hizi nausoma kama neno lililosemwa kwa ajili ya mtu aliyetoka kupoteza kila alichokijua. Nuhu alitoka katika safina akaikuta dunia ambayo hakuna jirani aliyebaki. Mtu wa namna hiyo anahitaji kuambiwa nini? Kwamba kesho kutakucha. Kwamba Machi mvua itarudi.

Binti yetu alipofika alikuwa na swali moja kwa kila aliyetoka mlangoni: "Atarudi?" Baba yake akipanda boda boda kwenda kazini, "Atarudi?" Bibi yake akienda kliniki, "Atarudi?" Mwishoni mwa Mei tulikuwa tumesimama kando ya barabara tukiwatazama mahujaji waliovuka Malaba kutoka Kenya, wakienda Namugongo, karibu na Kampala, kwa miguu ili wawahi Siku ya Mashahidi, 3 Juni. Walikuwa wanaimba, rozari mikononi, wengine viatu vimekatika. Nilimweleza kwamba wanakwenda kuwakumbuka vijana waliochomwa moto mwaka 1886 kwa sababu walikataa kumkana Yesu, na kwamba kutoka kwetu bado wana safari ya kilomita kama 200. Alisikiliza yote. Halafu akauliza: "Watarudi?" Nikamwambia ndiyo, watarudi kwa basi. Tarehe nne alishinda uani akiangalia barabara, na kila basi lililopita likielekea Malaba aliwapungia mkono.

Tukimjibu "atarudi" haimsaidii sana, kwa maana mtoto aliyeachwa ameshaambiwa neno hilo zamani na mtu ambaye hakurudi. Kinachomsaidia ni baba kuonekana langoni jioni, na kesho yake tena, na wiki ijayo, mpaka mwili wake wenyewe usadiki. Hapo ndipo mstari wa 11 uliponishika. Esta ameshachukuliwa, Mordekai hana tena mamlaka juu yake, hawezi hata kuingia alimo. Lakini imeandikwa kwamba kila siku alipita mbele ya ua wa nyumba ya wanawake ili ajue Esta yu hali gani. Kila siku! Hakuwa na habari ya kumpelekea wala zawadi. Alipita tu, aulizie. Nadhani mtu haanzi desturi kama hiyo uzeeni. Alikuwa ameizoea tangu Esta akiwa mdogo, na sasa ukuta wa mfalme haukutosha kumwachisha.

Mvua za kwanza zinapoanza huku kwetu kazi ni nyingi, wimbi, mahindi, karanga, na jioni ikinyesha vizuri kumbikumbi wanatoka. Watoto wote wa mtaa wanakimbia kwenye kichuguu na taa na beseni. Mwaka wa kwanza binti yetu alisimama mlangoni, hakutoka. Mwaka uliofuata alitoka akinishika gauni. Sasa anatangulia, anawaamuru wengine mahali pa kuweka taa, na anakula wengine wabichi kabla hatujafika jikoni. Mimi sikumsukuma. Mvua yenyewe ilirudi ikamkuta amekua kidogo.

Baada ya mvua huja mbu, na baada ya mbu, malaria. Tunalala ndani ya vyandarua lakini bado huja. Hapa niliona jambo ambalo sikulijua, na wenye kulea watoto kama huyu walisikie. Mara ya kwanza alipougua hakulia. Niligundua asubuhi, mwili unawaka, macho mekundu, na alikuwa amekesha hivyo bila kuita mtu, ingawa tunalala chumba cha pili na mlango uko wazi. Nilidhani ni mtoto mvumilivu. Mwuguzi mmoja wa makamo ndiye aliyenifungua macho. Alisema kuna watoto walilia sana zamani, hakuja mtu, wakaacha. Siku ile niliomba huku nikitetemeka. Sikuomba malaria iishe tu. Niliomba binti yangu ajue kulia.

Haikuwa haraka. Lakini ulifika usiku wa mvua za mwezi wa kumi, radi zikipiga, na sauti ikatoka chumba cha pili: "Mamaa! Kichwa kinaniuma! Na maji ni baridi! Na sitaki shuka hili!" Nililia kwa furaha nikiwa natafuta dawa. Leo analalamika vizuri kabisa, wali umeungua, viatu vinabana, kaka zake wamemmalizia maziwa, na kila lalamiko nalipokea kama shukrani, kwa sababu mtoto halalamiki kwa mtu asiyeamini kwamba atasikia.

Tangu hapo zaburi za maombolezo nazisoma kwa sikio jingine. Katika Zaburi ya 13 Daudi anamwuliza Bwana atamsahau hata lini, na anauliza hivyo mara nne mfululizo: hata lini, hata lini. Kuna waumini wanaoona aibu kuomba namna hiyo, wakifikiri imani ni kunyamaza na kusema tumshukuru Mungu kwa yote. Ndugu, kunyamaza kwingine si imani. Kunaweza kuwa kwa mtoto aliyekata tamaa ya kuitikiwa. Kama umekesha na maumivu yako mwaka mzima bila kumwita Baba, mwite. Lalamika. Mlango wake uko wazi.

Kiangazi cha Desemba mpaka Februari ni kigumu kwake bado. Vumbi linajaa, mboga zinaadimika sokoni, na yeye anaanza kuficha chakula. Chapati chini ya godoro, kipande cha muhogo mfukoni mwa sare ya shule. Hatumgombezi. Baba yake alimtafutia kopo lenye mfuniko, tukalijaza karanga za kukaanga, tukamwambia hili ni lako, hakuna atakayeligusa, likiisha sema. Kuna siku analisahau. Kuna siku analala nalo. Juzi alimkaribisha mgeni karanga zake mwenyewe, lakini jana yake alikuwa ameficha mkate, kwa hiyo siwezi kuwaambia kwamba jambo hilo limekwisha. Kiangazi kijacho tutaona.

Niwaombe jambo moja, nalisema kwa upendo. Mnapokuja kututembelea, msitupongeze mbele yake. "Mungu atawalipa kwa kumsaidia mtoto huyu" ni maneno ya nia njema, lakini yeye anayasikia na kujiona ni mzigo ambao malipo yake yako mbinguni. Mwiteni kwa jina lake. Mwulizeni habari za shule. Na jioni tunapoomba humtaja mama aliyemzaa, alianza mwenyewe bila kufundishwa. Ukiwepo, sema amina pamoja nasi na usiulize.

Jumatano tutakutana kama kawaida baada ya kazi, na tutasoma Esta sura ya pili yote kwa sauti. Mwangalie mstari wa 20, mahali Esta, akiwa malkia tayari, bado anashika maagizo ya Mordekai kama alivyoyashika alipolelewa kwake. Tutaombea mvua za Machi ambazo zinachelewa upande wa mashamba yetu, na dada yetu mmoja anayesubiri tarehe ya mahakama kwa ajili ya mapacha anaowalea. Amesema watoto wameanza kuuliza kama jaji atawatenganisha. Mwenye nafasi ya kumsindikiza siku hiyo aniambie mapema, ili awaone watu wake wamekaa kwenye benchi nyuma yake.