Mkasi wa Ansai

Treni iliyotutoa Xi'an kwenda Yan'an, mwendo wa kilomita 300 hivi kuelekea kaskazini mwa mkoa wa Shaanxi, ilipita katika mahandaki mengi, hata mandhari yakawa yanaonekana kwa vipande: milima ya udongo wa manjano, makorongo yaliyochimbwa na mvua, mashamba ya ngazi, kisha giza tena. Mwaka Mpya wa Kichina ulikuwa umekaribia, na mabehewa yalijaa watu waliokuwa wakirudi makwao na mizigo yao. Nilifuatana na mwanafunzi mzaliwa wa huko, aliyekubali kuwa mkalimani wangu, na tulikuwa tukielekea Ansai, wilaya inayosifika kwa sanaa ya kukata karatasi.

Mwaka 2009 UNESCO iliiingiza sanaa hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na tangu hapo yeyote afikaye mjini hukutana nayo kwanza madukani, nyuma ya kioo, ndani ya fremu zinazong'aa. Ni kazi safi, sikatai, ila nilikuwa nimesafiri kuiona mahali ilipozaliwa, yaani dirishani.

Bibi aliyetupokea kijijini aliishi katika yaodong, nyumba yenye dari la tao iliyochimbwa katika ubavu wa mlima, ambayo mwanga wake wote huingia kwa upande wa mbele tu. Dirisha lake la vijiti vya mbao lilibandikwa karatasi nyeupe, na juu yake karatasi nyekundu zilizokatwa samaki, majogoo na arusi ya panya, ile hadithi ambayo panya humbeba bibi arusi kwa machela huku wakipiga tarumbeta. Alikaa juu ya kang, kitanda cha udongo chenye joto la moto chini yake, akakunja karatasi na kuanza kukata bila kuchora mstari hata mmoja. Manyoya aliyatoa kwa mikato midogo iliyochongoka mithili ya meno ya msumeno. Zamani, alisema, mwanamke akipenda kielelezo cha jirani alikilaza juu ya karatasi nyingine iliyoloweshwa, akaziinua juu ya moshi wa taa. Kielelezo kilipobanduliwa, umbo lake lilibaki jeupe katikati ya masizi.

Alipoikunjua karatasi alitokea zhuaji wawa, mtoto mwenye mafundo mawili ya nywele, amesimama akitutazama, mkono mmoja ameshika kuku na mwingine sungura. Kuku ni jua, sungura ni mwezi. Kwetu Sungura ni mjanja wa kuwahadaa wakubwa; huku anakaa mwezini akitwanga dawa, na sikuona hata chembe ya ujanja usoni pake. Mtoto huyo hakukatwa kwa ajili ya pambo. Mgonjwa alipodhaniwa kuwa roho yake imepotea njia, wanasesere wa namna hiyo walikatwa ili kuiita irudi. Na mvua ilipozidi kunyesha, alitundikwa mwanamke wa karatasi mwenye ufagio, ayafagie mawingu. Hapo ndipo nilipoona kasoro ya zile fremu za mjini: zimehifadhi umbo, lakini umbo hilo limeachishwa kazi.

Nilimwuliza Bibi kuhusu Ku Shulan (1920–2004), mkulima wa Xunyi, katika mkoa huohuo, aliyeporomoka kwenye genge mwaka 1985, akazirai kwa muda mrefu, na alipozinduka akatangaza kwamba yeye ndiye Jianhua Niangzi, mungu wa kike wa kukata maua ya karatasi. Tangu hapo kazi zake zilikua kubwa na za rangi nyingi, naye alikuwa akiimba huku akikata. Mkalimani wangu aliamini kuwa ni athari za jeraha la kichwa. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, akasema kwamba mwanamke yule alikuwa na mkono mzuri, kisha akanipa bakuli la gundi ya unga nianze kupaka migongo ya samaki, kwa kuwa nusu ya dirisha ilikuwa bado tupu.