Gemu ya mbio hupimwa kwa tairi
Wadau wa gemu hapa Mtwara, picha kali si kipimo. Ingia kona kwa kasi kupita kiasi: kwenye gemu nzuri usukani unakuwa mwepesi mkononi kabla pua ya gari haijaenda nje, maana tairi za mbele zimeishiwa mshiko. Assetto Corsa ya 2014 inapiga hesabu za mwendo wa gari mara 333 kwa sekunde, na mkono unaisikia.

Logitech G29, usukani wa kuchezea gemu, iachieni nyuzi (digrii) zake 900 za kuzunguka. Nguvu ambayo usukani unarudisha mkononi ikizidi, mitetemo midogo inamezwa, punguzeni.

Breki ikirukaruka yenyewe msilaumu gemu (wengi hukimbilia hapo). Mara nyingi ni uchafu kwenye potenshiometa ya pedali (kipimo cha umekanyaga kiasi gani), na hewa ya chumvi ya Shangani haisaidii. Pulizia dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, kanyaga mara 20, kisha pima upya.