Saa nane za wapi?

Voisi ya Mama ina sekunde arobaini na moja. Nimeisikiliza Jumapili usiku, nimeisikiliza Jumatatu kwenye tramu, Jumanne chooni kazini, na leo Alhamisi nimeiweka tena huku nakata vitunguu, kwa hiyo machozi msiyahesabu.

"Mwanangu, tumekungoja. Ulisema saa nane, tukakaa na simu hapa, shangazi yako kavaa na miwani kabisa akuone vizuri. Mpaka alasiri ikaadhiniwa. Gari la Pangani likapiga honi, kaondoka. Kasema nikwambie, fundi saa wenu saa hajui."

Halafu anacheka. Mama yangu akicheka huwa anamalizia na "ee" ndogo, kama anayefunga mlango taratibu.

Wenyeji wa hapa mnajua "fundi saa" ilitoka wapi. Nilimweleza Mama kazi yangu mara moja tu: kwamba natengeneza programu inayopanga zamu za wauguzi kwenye nyumba za wazee, na kwamba kipande changu mimi ni tarehe na saa. Akashika la mwisho. Tangu siku hiyo barabara ya kumi na mbili nzima inajua binti yake yuko Ujerumani anatengeneza saa. Likizo ya mwaka juzi mzee wa jirani aliniletea Seiko yake imefungwa kwenye leso, niitazame. Niliitazama. Nikamwambia ni saa nzuri.

Sasa kosa lenyewe. Jumamosi nilimwandikia Mama: "Kesho nitapiga saa nane, mwambie shangazi asiondoke." Nilichokusudia ni saa mbili usiku. Ila Wajerumani huiita nane, na mimi siku nzima nilikuwa nimeongea nao, basi nikaichukua nane yao, nikaivisha kanga, nikaituma Tanga. Mama akaisoma kama mtu yeyote mwenye akili timamu angeisoma: saa nane mchana, watu wameshakula, wamekaa.

Shangazi nitampata. Ana simu ya tochi, na Pangani si mwezini. Kinachonikereketa ni kwamba nilipoandika sikuhisi kitu. Ukikosea ngeli ulimi wenyewe unajikwaa, unarudi nyuma unarekebisha. Hapa hata kujikwaa sikujikwaa. Nyumbani kwetu kuna saa ya ukutani ambayo nimeiona maisha yangu yote: akrabu fupi ikifika kwenye nane, Mama anasema saa mbili. Anasoma namba iliyo upande wa pili, bila kufikiri, na sisi watoto tukasoma hivyo hivyo, mpaka darasani mwalimu wa Kiingereza alipotuchorea saa mbili ubaoni na kutufundisha kutoa sita. Miaka yote hiyo nilikuwa natoa sita nikienda kwao. Sijui ni lini nilianza kusahau kuirudisha nikija kwetu.

Na nilipopiga, saa mbili yangu ya usiku, simu ilikwenda hivi. Naiandika nzima labda itaniachia.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Ndiyo saa nane hii?"

"Nilimaanisha saa nane za huku."

"Saa nane za wapi hizo, mwanangu? Saa nane usiku watu wamelala."

"Saa mbili, Mama. Nilitaka kusema saa mbili."

"Hapa saa hizi ni saa tatu."

Kimya. Nikasikia televisheni ya jirani. Yaani hata baada ya kusahihisha nilikuwa bado nimekosea, kwa sababu ilikuwa ile Jumapili ya mwisho ya Machi, ambayo Ulaya husogeza saa mbele kwa saa moja kwa ajili ya kiangazi, kwa hiyo zile saa mbili za tofauti kati yetu na Tanga zimebaki moja. Nikamwambia nilikuwa kazini. Akasema, "Jumapili?" Kwa sauti ile.

Kazini kweli nilikuwa. Simu nilikuwa nimeizima sauti tangu asubuhi, ndiyo maana voisi nimekuja kuiona usiku. Kwenye programu yetu kuna vikumbusho vya dawa, na mtu fulani aliandika kwamba kikumbusho cha kesho ni cha leo ukiongeza saa ishirini na nne. Siku mia tatu na sitini na tatu za mwaka hilo ni kweli. Siku ya kusogeza saa mbele, saa ishirini na nne baada ya saa mbili asubuhi ya Jumamosi ni saa tatu asubuhi ya Jumapili, kwa hiyo vikumbusho vyote vikachelewa saa nzima. Hakuna mgonjwa aliyedhurika. Wauguzi wanazijua dawa za wazee wao kuliko sisi, walishazigawa kabla skrini haijalia, wakatupigia kutusimanga tu. Aliyeandika mstari ule ni mkuu wetu wa kitengo. Aliyeupitia akauwekea alama ya kijani ni mimi. Wiki hii mkuu katangaza anaacha kazi, Rehema kaposwa, na ile barua ya uraia mliyoniombea dua imefika, lakini ukiniuliza wiki yangu imekuwaje nitakwambia habari ya shangazi na miwani.

Usiku wa Jumamosi nilikuwa macho, nikingoja kuona seva zitavukaje. Ukutani jikoni nina saa ya redio, ya euro kumi, ya gulioni. Zinapokea mawimbi kutoka mnara ulioko Mainflingen karibu na Frankfurt, na mnara unapewa saa na maabara ya vipimo ya taifa iliyoko Braunschweig, wenye saa za atomu. Nilikuwa namwagia chai maji akrabu ya dakika ilipoanza kukimbia. Ilizunguka uso mzima bila kusimama, ikivuma kama nzi ndani ya chupa, ikafika juu, ikatulia. Nikamtazama yule nzi wangu nikafikiri: hii ni sheria ya Brussels inapita jikoni kwangu.

Jumanne chakula cha mchana tukaanza ule ugomvi wetu wa kila Machi, kusogeza saa kufutwe au kubaki. Mnaukumbuka, nimeshauandika. Mwenzangu wa Sevilla anasema kwao saa zimepinda tangu 1940, Franco alipoisogeza Uhispania ikafuata saa za Berlin, na mpaka leo hakuna aliyeirudisha ingawa nchi yao inalala pale pale Greenwich ilipo. Mjerumani wetu mkubwa anasema ni aibu, maana 2018 Tume ya Ulaya iliuliza wananchi, majibu milioni 4.6 yakaja, asilimia 84 wakasema tufute kusogeza saa. Na Machi 2019 Bunge la Ulaya likapiga kura 410 kwa 192 kwamba ikifika 2021 basi. Iko wapi 2021?

Mimi hapo huwa siwaungi mkono, na wananishangaa, kwa sababu wanadhani aliyeteswa na saa kuliko wote ndiye atakayetaka zifutwe kesho. Kwanza katika yale majibu milioni 4.6, kama milioni tatu yalitoka Ujerumani peke yake, kwa hiyo hiyo ilikuwa zaidi sauti ya Mjerumani kuliko sauti ya Ulaya. Pili, kufuta ni rahisi kukubaliana. Swali ni kubaki na ipi. Ukibaki na saa za kiangazi mwaka mzima, Mhispania wa magharibi atapeleka watoto shule gizani Januari. Ukibaki na za baridi, Mpolandi jua litamwamsha kiangazi saa tisa usiku. Kila nchi ikichagua yake, utavuka mpaka mara tatu kwa treni na saa yako ibadilike mara tatu. Na Ireland ikifuta wakati Uingereza imeendelea, kisiwa kile kimoja, kwa kuwa kaskazini yake ni ya Uingereza, kitakuwa na saa za namna mbili nusu ya mwaka, na mpaka ule si wa kuchezea. Nimefuta mistari mingi ya programu maishani, najua raha yake. Najua pia kimya kinachofuata, kabla simu hazijaanza kulia.

Na watu wa siasa wanaweza kuharibu saa bila hata kuzigusa. Mimi nilifika hapa Leipzig Februari 2018, na saa ya jiko la umeme katika chumba changu cha kwanza ilikuwa ikichelewa kila siku kidogo kidogo, mpaka ikakaribia dakika sita. Nikadhani jiko bovu, nikaona aibu kumwambia mwenye nyumba. Kumbe saa za namna ile huhesabu mawimbi ya umeme, hamsini kwa sekunde, na majira yale Kosovo na Serbia walikuwa wamegombana juu ya nani afidie umeme uliopungua, na kwa kuwa nchi 25 zimeungwa kwenye gridi moja, mawimbi yakapungua kasi kuanzia Ureno mpaka Uturuki. Ugomvi wa Balkan ukanichelewesha mimi darasa la Kijerumani. Nawapenda wanasayansi kwa hili: wao sekunde yao ya nyongeza, ile inayopachikwa kufuata mzunguko wa dunia, wamekaa Versailles 2022 wakaazimia ikomeshwe ifikapo 2035, na hakuna aliyeandamana. Mara ya mwisho ilipachikwa usiku wa mwisho wa Desemba 2016, na nani kati yenu aliihisi?

Wala tusijifanye watakatifu. Kwenye ile orodha ya majira ya dunia ambayo simu zenu zote zinaisoma, Dar es Salaam ni jina tu linalokuelekeza ukaangalie Nairobi. Na ukiifungua Nairobi unakuta mpaka 1942 ilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na dakika arobaini na tano. Robo saa! Kuna ofisa wa kikoloni aliyekaa akaona robo saa ndiyo suluhu. Naipenda sana ile robo.

Basi katika ugomvi ule nikaropoka habari ya shangazi. Nikawaeleza saa za Kiswahili, kwamba kwetu siku inaanza na jua, saa moja ni saa moja tangu kuche. Wakapenda, wanapendaga. Mwenzangu wa Sevilla akaniuliza, mdomo umejaa saladi: kwa hiyo mama yako alipokwambia saa nane usiku watu wamelala, hiyo ni saa ngapi yetu?

Nikasema, mbili. Mbili ya usiku wa manane.

Akaacha kutafuna. "Jumapili mbili haikuwepo," akasema.

Nilibaki na kijiko hewani. Kweli. Usiku ule hapa Ujerumani ilikuwa saa saba na dakika hamsini na tisa, kisha ikawa saa tisa. Nilisimama jikoni na birika nikaitazama saa nane usiku ikipita chini ya akrabu bila kukaa. Siku moja tu katika mwaka mzima ambayo hakuna saa nane usiku, na mimi ndiyo siku niliyomwahidi Mama saa nane. Nilicheka mpaka watu wa meza ya pili wakageuka. Tangu Jumapili nilikuwa sijacheka.

Jana nikampigia Mama kumweleza. Safari hii niliandika: "saa moja jioni, saa za Tanga, saa ya Mama." Akapokea kwa mlio wa kwanza.

"Kwa hiyo huko kwenu saa nane haikuwepo?"

"Haikuwepo kabisa, Mama. Saba, halafu tisa."

"Kaichukua nani?"

"Serikali."

"Ya hapo?"

"Zote. Umoja wa Ulaya mzima, sheria moja."

Akafikiri. "Na hairudi?"

"Inarudi Oktoba. Usiku huo watakuwa nazo mbili."

"Haya. Basi piga hiyo Oktoba, shangazi yako nitamwambia angoje." Na ile "ee" yake.

Kwa hiyo nimesamehewa, nadhani, na ningeweza kuifuta voisi. Badala yake jioni hii nikaiweka tena, safari hii kwa vile vipokea sauti vikubwa vya kazini, nisikilize vizuri kile kicheko. Na katikati, kati ya "honi" na "kaondoka", kuna kitu: tó. Halafu tó. Nikarudisha nyuma. Nimeihesabu, kila sekunde nne hivi. Ni tone la maji linaingia kwenye ndoo, na ndoo iko karibu na simu, yaani ndani, yaani sebuleni. Masika ndiyo kwanza yanaanza. Pesa ya mabati nilituma Desemba, na kaka Salimu aliniambia fundi alishamaliza tangu Januari, hata akanitumia picha ya paa.

Nimeifungua tena ile picha. Sioni mwembe wetu.