Majina Yetu Yaandikwe Mbele

Mgonjwa wa kwanza wa korona Tanzania alitangazwa Machi 16, 2020, na alikuwa hapa kwetu Arusha. Shule zikafungwa. Aprili ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa, na mji unaoishi kwa watalii ukaanza kuhesabu unga.

Kikoba chetu kiliyumba mapema. Mwenzetu mmoja, mke wa mpagazi wa mlimani, alikuwa amekopa akanunua cherehani. Marejesho yakakwama, deni likamwangukia jirani aliyemdhamini, waume wakaingilia. Jioni moja mume wa mdhamini akaja na vijana kubeba vyombo. Mpagazi akatoka na panga.

Shangazi yangu hakupiga kelele. Kochi lilikuwa limeshafika mlangoni. Akalikalia, akapanga khanga yake vizuri magotini. "Haya, libebeni, na mimi nikiwa juu yake." Hakuna aliyethubutu kumgusa.

Kesho yake tulikaa uani, viti mbalimbali, barakoa za kitenge usoni, ndoo ya maji tiririka getini. Shangazi alitaka wake wawili waseme kwanza. Hapo ndipo tukajua kilichokuwa kinauma: mdhamini alikuwa amesikia kwamba mwenzake anakula nyama huku yeye anadaiwa. Shangazi akamshika mkono, akampeleka jikoni. Ndoo ya unga ilikuwa inaonyesha chini, na sufuria ilikuwa na mchicha mtupu. Alitoka analia. Mpaka magharibi tulikuwa tumekubaliana: marejesho yasubiri watalii, riba ifutwe, na cherehani ianze kushona barakoa za mtaa.

Shangazi alijifunza wapi haya? Mwaka 2000 alikuwa mhudumu wa hoteli hapa mjini wakati wa mazungumzo ya amani ya Burundi. Mwalimu Nyerere, msuluhishi wa mwanzo, alikuwa ameshafariki, Mandela ndiye aliyeshika nafasi yake. Wanawake wa Burundi walikuwa wamewekwa nje ya meza ya mazungumzo, wakawa wanawavizia wajumbe kwenye korido. Julai wakafanya mkutano wao wenyewe hapa Arusha, wakadai pamoja na mengine haki ya mwanamke kumiliki na kurithi ardhi. Mapendekezo yao mengi yaliingia katika mkataba uliosainiwa Agosti 28. Kwa hiyo redio iliposema Guterres wa Umoja wa Mataifa ameomba vita visimame duniani kote kwa ajili ya korona, shangazi aliuliza, "Na huku uani atavisimamisha nani?" Alijua jibu, na mimi sasa nalijua.

Tulipofika ofisi ya mtaa kuandikisha suluhu, karatasi ilikuwa tayari. Ilikuwa na majina ya waume wawili na ya mwenyekiti tu.

"Waliopatanisha wako wapi humu?" shangazi akauliza.

Mwenyekiti akasema nafasi imejaa, akaigeuza karatasi atuandike nyuma.

"Hapana, mwanangu. Mbele."

Wale waume wawili waliinamisha vichwa. Mwenyekiti akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi nyingine, akaanza kuandika upya.