Mimi na In Utero

Washkaji zangu wa Sinza wakitaja Nirvana, bendi ya roki ya Marekani, wanaanza na Nevermind ya 1991. Albamu kali, sibishi. Ila mimi nasimama na In Utero ya 1993. Fundi wa sauti Steve Albini aliirekodi Minnesota, Marekani, na ngoma za Dave Grohl zinasikika kana kwamba zinapigwa chumbani kwako, hadi mwangwi wa ukuta unausikia. Gitaa linakwaruza, sauti ya Kurt Cobain inakatika, na vimeachwa hivyo hivyo. Nyimbo mbili za humo, Heart-Shaped Box na All Apologies, zilichanganywa upya sauti na mtayarishaji Scott Litt. Nazipenda, lakini wimbo wa Milk It ndio unaonipandisha mori: unanong'ona, halafu unalipuka. Kwenye foleni ya Ubungo naisikiliza albamu nzima, siruki wimbo. Na ile sello, kama fidla kubwa ya sauti nzito, kwenye wimbo wa Dumb! Kwa sello hiyo peke yake nitabishana hadi usiku wa manane.