Nilivyoingiza ramani za mifereji ya Msimbazi kwenye PostGIS, licha ya ushauri wa "weka 4326 tu"

Kila ninapotaja kwamba nina faili za ramani ninazotaka kuziingiza kwenye kanzidata, hujitokeza mtu wa kuniambia, kwa sauti ya aliyekwisha maliza kazi, "Mdogo wangu, weka 4326 tu, mengine yatajipanga." Hayajipangi. (4326 ni namba ya mfumo unaotaja mahali kwa nyuzi za latitudo na longitudo.) Ushauri huo, uliotolewa kwa nia njema na mtu ninayemheshimu, ulinichelewesha kuliko tatizo lenyewe, na njia niliyoitumia hatimaye kulibaini tatizo hilo bado inanifurahisha, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu bila kuomba radhi.

Nilikabidhiwa furushi la shepufaili (faili za maumbo ya ramani) zinazoonyesha mifereji, makalavati na mipaka ya mitaa katika bonde la Mto Msimbazi, Dar es Salaam, ambako mvua za masika zikikolea Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani. Tulitaka kila kitu kikae kwenye PostgreSQL, programu ya kanzidata, yenye PostGIS, nyongeza inayoiwezesha kuhifadhi ramani, ili watu kadhaa wahariri ramani ileile badala ya kutumiana kwa WhatsApp faili zenye majina kama "mifereji_mwisho_mpya2". Programu zote hizo, pamoja na QGIS ya kutazama na kuhariri ramani, hazilipiwi, hivyo gharama yangu ilikuwa bando za intaneti tu, labda elfu thelathini na ushee. Sitaeleza namna ya kuzifunga. Nitasema tu kwamba kuwa na PostGIS kwenye kompyuta hakutoshi: amri ya CREATE EXTENSION postgis lazima itolewe ndani ya kila kanzidata unayotaka kuitumia, la sivyo QGIS itaunganishwa vizuri kabisa na isikubali kupokea tabaka (seti moja ya maumbo ya ramani) lolote.

Sasa, dirisha la DB Manager ndani ya QGIS linalotumika kuingiza tabaka huuliza namba mbili za mfumo wa majira ya nukta (namba zinazoonyesha nukta iko wapi), yaani ya chanzo na ya lengo. Faili ya .prj ndiyo ambayo kwa kawaida hujibu swali la chanzo, na katika furushi langu haikuwemo hata moja, kulikuwa na .shp, .shx na .dbf, basi. Nilipofuata ushauri wa 4326, jedwali liliingia bila kelele yoyote, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu kanzidata haibishani na namba unayoipa. Ramani ilipofunguka, mifereji haikuonekana popote. Nilipozisoma nukta zenyewe, nikakuta namba za mashariki zinazozidi kidogo 500,000 na za kaskazini zilizo karibu na 9,247,000. Namba 4326 inadai kwamba hizo ni nyuzi. Dunia nzima ina nyuzi 90 tu kutoka ikweta hadi ncha, lakini makalavati ya Magomeni yalikuwa kwenye nyuzi milioni tisa.

Mtu anayeijua UTM, mfumo unaogawa dunia katika kanda na kupima kwa mita, angetambua mara moja kwamba hizo ni mita. Katika kizio cha dunia kilicho kusini mwa ikweta, hesabu ya kaskazini huanzia 10,000,000 pale ikweta na kupungua kadiri unavyoshuka, na katika ukanda wa 37 mstari wa katikati, ambao ni wa nyuzi 39 mashariki, hupewa 500,000. Mstari huo unapita magharibi mwa jiji, kati yake na Kibaha, ndiyo maana namba za Dar es Salaam huzidi 500,000. Wenzangu wa Dodoma wasinakili namba zangu, kwa kuwa mji wao uko ng'ambo ya nyuzi 36 na unaangukia ukanda wa 36.

Mshauri wa pili, mwenye busara zaidi, alisema niweke 32737, yaani WGS 84, mfumo unaotumiwa na GPS, katika ukanda wa 37 kusini. Mifereji ikatua Dar es Salaam, wote tukashangilia, na mtu mmoja akaenda kununua soda. Lakini nilipoweka OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, chini yake, mfereji uliopaswa kupita kando ya barabara ulipita juu ya mapaa ya nyumba, na Msimbazi wenyewe ulikuwa umehama kitanda chake. Nikaambiwa kwamba hao waliochora zamani walikuwa wazembe, kwamba nivute tabaka zima kwa mkono hadi likae vizuri.

Sikukubali. Nilichukua makutano ya barabara na madaraja yanayotambulika bila shaka katika pande zote mbili, nikachagua mahali palipotawanyika, kutoka karibu na Daraja la Selander hadi juu kuelekea Ubungo. Kisha nikafungua tabaka jipya la mistari, na kwa kila mahali nikachora mshale kutoka kwenye nukta ya ramani ya zamani hadi kwenye nukta hiyohiyo ya OpenStreetMap. Hoja yangu ilikuwa hii: kama mchoraji alikuwa mzembe, mishale ingeelekea kila upande na kutofautiana urefu, kwa sababu uzembe hauna mwelekeo mmoja. Mishale yote ilielekea kusini, ikiegemea mashariki kidogo, na yote ilikuwa na urefu wa takribani mita 300 na kitu. Mchoraji hakuwa na kosa hata kidogo. Alichora kwa usahihi katika mfumo mwingine.

Mfumo wenyewe ni Arc 1960, ambao ndio uliotumika katika ramani zetu za kipimo cha 1:50,000, na tofauti yake na WGS 84 katika eneo letu ndiyo hiyo ya mita mia tatu hivi. Namba yake kwa ukanda wetu ni 21037. Nilipomwonyesha mshauri wa kwanza picha ya ile mishale iliyopangana kama askari wa gwaride, alinyamaza kidogo, akasema kwamba hata yeye alikuwa anaelekea kulisema hilo.

Hapa pana mtego unaowanasa wengi. Kubandika namba na kugeuza majira ni mambo mawili tofauti: ST_SetSRID hubadilisha kibandiko bila kugusa nukta, ilhali ST_Transform huzikokotoa nukta upya. Ukibandika 32737 juu ya data ya Arc 1960, umedanganya kwa mita 300. Mimi nilitangaza chanzo kuwa 21037, nikageuza kwenda 32737 ndani ya QGIS kabla ya kuingiza, kwa sababu QGIS huonyesha kwamba kuna njia zaidi ya moja ya ugeuzaji na usahihi wa kila moja, nami nikachagua iliyokusudiwa Tanzania. Usitarajie usahihi wa sentimita. Kwa mifereji na makalavati unatosha, ila kwa mipaka ya viwanja mwite mpimaji.

Mengine yalikuwa madogo, isipokuwa ritifaa. Katika data kulikuwa na Mto Ng'ombe, na aliyeandika jina hilo alilinakili kutoka kwenye waraka uliokuwa umeipinda ritifaa yake. Programu ndogo ya kuingiza shepufaili inayokuja na PostGIS iligoma, ikapendekeza yenyewe nijaribu LATIN1, mfumo mwingine wa kusimba herufi. Ukiifuata, inakubali, lakini mahali pa ritifaa inaingia alama isiyoonekana, na mtu akitafuta mto huo kwa jina haupati, ingawa anausoma kwenye kioo kama "Ngombe". Dawa ni kuandika faili fupi ya .cpg yenye tarakimu 1252 tu (namba ya mfumo wa herufi wa Windows), kuiweka pamoja na zile nyingine, kuingiza kupitia QGIS, kisha kunyoosha ritifaa zote kwa amri ya replace.

Majina ya safu wima nayo hukatwa baada ya herufi 10, kwa hiyo jina_la_mtaa na jina_la_mtendaji yote mawili yalitaka kuwa jina_la_mt, na la pili likageuzwa kuwa jina_la__1. Yabadilishe mapema, na uweke alama kwenye kisanduku cha herufi ndogo, usije ukaandika alama za nukuu katika kila swali maisha yako yote. Kisanduku cha kuvunja maumbo yenye sehemu nyingi usikiguse, kwa sababu kata za pwani zenye visiwa kama Mbudya na Bongoyo zina sehemu zaidi ya moja zinazopaswa kubaki pamoja. Faharasa ya kijiografia iwashe. Bila hiyo, kuhesabu makalavati ya kila mtaa kutakupa nafasi ya kwenda kula.

Nilipomaliza, nilimrudishia aliyenipa furushi lile faili zake zikiwa na .prj na .cpg, nikidhani nimemfanyia hisani. Alijibu kwa kuuliza kama hizo faili mbili mpya ni salama au azifute.